Kwa Duke Ferdinando kule Colorno: kasri zuri, mwongozaji hovyo

Kampuni siitaji, sitaki kesi. Ni moja ya zile zinazouza matembezi ya siku moja kutoka Parma, mji wa kaskazini mwa Italia, na kasri la Colorno ndilo kituo chao kikubwa. Bei na saa za kufungua mtaziona wenyewe. Mimi nina neno na mwongozaji tu, maana tangu kiangazi kile amenikaa kooni.

Kasri lenyewe sina cha kulilaumu. Ila samani zake zilihamishwa zamani, Italia ilipoungana, na baadaye jengo likawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo vyumba vingi ni vitupu: dari zimechorwa, chini hamna kitu. Mahali kama hapo hela yako unalipia mdomo wa mwongozaji. Wetu mdomo alikuwa nao, lakini wa kuchekesha watu. Kwake Ferdinando, duke aliyetawala Parma karne ya 18 ilipokuwa nchi yake yenyewe, alikuwa mjinga aliyependa kupiga kengele za kanisa na kuchoma chestinati, zile njugu za Ulaya, na wakulima. Mkewe, Maria Amalia, binti wa Maria Theresa wa Austria? Mkorofi, basi. Watu wakacheka, tukasogea.

Sasa jamani! Ferdinando huyu alizaliwa 1751. Mama yake, binti wa Louis XV wa Ufaransa, alikufa kwa ndui kule Versailles 1759. Dada yake Isabella, aliyeolewa na Joseph wa Austria, ndui hiyohiyo ikamchukua 1763. Mwaka uliofuata akachanjwa yeye, enzi ambazo chanjo yenyewe iliweza kukuua. Mwaka 1765 baba naye akaondoka, na kijana wa miaka 14 akaachiwa nchi. Mwalimu wake alikuwa Condillac, mwanafalsafa mzima. Na mwanafunzi huyohuyo wa Condillac ndiye aliyekuja kurudisha mahakama ya kusaka wazushi wa dini mwaka 1780, na 1793 akawapokea tena Majesuiti, watawa wa Kikatoliki ambao utawala wake mwenyewe uliwatimua 1768. Hapo ndipo penye utamu! Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu, kwa Kiitaliano changu cha kuungaunga: ilikuwaje akageuka hivyo? Na wanawe waliishia wapi?

Akatazama saa. Akanitazama mimi, kuanzia viatu mpaka kilemba. "Signora, hayo ni ya chuo kikuu. Basi linatusubiri." Kisha akawageukia wenzangu akakonyeza. Kukonyeza! Mdogo wangu akanivuta mkono: "Dada, achana naye bwana, twende." Tukaenda, ningefanyaje.

Basi tukapitishwa mbiombio hata kwenye chumba ambacho huyo "mjinga" alijitengenezea kwa ajili ya kuangalia nyota. Hakusema neno. Na hao watoto nilioulizia, habari zao wala si siri. Binti wawili, Antonia na Carlotta, walikuwa watawa. Mwana, Ludovico, akafanywa mfalme wa Etruria, nchi mpya kule Toscana, 1801, katika mapatano yaleyale yaliyompa Napoleon nchi ya baba yake. Mwana anavishwa taji, baba ananyang'anywa Parma! Mzee hakutoka, akafia hapohapo karibu, Fontevivo, mwaka 1802, na mwaka uliofuata Ludovico naye akazikwa. Dakika mbili tu zingetosha kutuambia haya. Za kengele zilitumika kumi.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota tatu, sitaki kuwa mkali bila sababu. Kanisa la San Liborio, alilolijenga duke mwenyewe pembeni ya kasri, lilinipendeza sana, na dereva alikuwa mstaarabu, alimsubiri bibi mmoja wa kikundi chetu mpaka akapanda taratibu. Pengine hata mwongozaji alikuwa amechoka, joto lile si mchezo. Lakini kila nikiandika namwona anakonyeza. Mbili. Hapana, moja. Nendeni Colorno, nendeni kabisa, ila pandeni basi la kawaida na msome kabla. Na kama kuna mtu wa kampuni anapitia hapa: nirudishieni nusu ya hela yangu, nusu nyingine mpeni dereva.