Kaole Tulinyimwa Nafasi ya Kusoma Fatiha: Uzoefu Wangu wa Kutembezwa Bagamoyo

Huduma ninayoieleza hapa ni ile safari ya siku moja ya kutembezwa Bagamoyo, inayouzwa na kampuni ndogo za Dar es Salaam kwa familia zinazotaka kupumzika bila kuhangaika na usafiri. Kampuni tuliyokwenda nayo siitaji jina, kwa kuwa ninataka msomaji alitazame tendo lenyewe, ambalo linaweza kumpata kwa kampuni yoyote. Nilikwenda na mama yangu mkubwa, mtu mzima mzaliwa wa Pangani, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiomba apelekwe Kaole akawazuru wazee wa pwani waliolala pale. Haja iliyotutoa nyumbani ilikuwa hiyo, na niliieleza waziwazi wakati wa kulipia. Niliambiwa hakuna tatizo.

Kaole iko kilomita kama 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo. Ni makazi ya Waislamu wa pwani yanayorudi nyuma hadi karne ya 13, na kilichobaki leo ni magofu ya misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimama upande wa kichwani. Liko pia kaburi ambalo wenyeji husema ni la Sharifa, ambalo watu huliendea kwa dua mpaka leo. Ninayasema haya ili ieleweke kwamba mtu anayefika pale na kuinua mikono hafanyi jambo la ajabu. Anafanya lile ambalo makaburi yale yalijengewa.

Mama mkubwa alichagua kaburi moja lililokuwa kivulini. Alichutama kando yake, akaokota jani kavu lililokuwa limeangukia ukingo wa chokaa, akalirekebisha shungi lake likafunika kichwa vizuri, kisha akainua viganja na kuanza kusoma. Hakuwa amefika hata katikati ya Fatiha pale mwongozaji wetu, kijana ambaye tangu asubuhi hakuwa amemwamkia, alipokuja na kusimama juu yake akipiga makofi mawili kama anayefukuza kuku. Alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama, twende, hapa si mahali pa dua, hapa ni mahali pa kutembelea. Wageni wananisubiri."

Mama mkubwa hakuinuka mara moja. Alimtazama, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hawa ni watu." Kijana akatazama saa yake na kugeuka. Maneno hayo aliyasema akiwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye kibla cha msikiti ambao watu walisali ndani yake karne kadhaa kabla Mjerumani hajaiona pwani hii. Nilipomfuata na kumwomba atupe dakika tano, alinijibu kwamba dua haimo kwenye ratiba, na kwamba sisi wa hapahapa tunaweza kuja siku yoyote, wakati wenzetu wametoka mbali.

Wageni aliokuwa akiwataja walikuwa mtu na mkewe kutoka Ulaya, tuliochanganywa nao kwenye gari moja, na haki lazima niiseme: hawakuwa wakimharakisha mtu. Yule bwana alipomwona mama mkubwa amechutama alivua kofia na kusogea pembeni kabisa. Walisubiri kwa adabu. Aliyekuwa na haraka ni mtu wetu wenyewe, anayelijua jambo la kaburi na Fatiha tangu utotoni, na nadhani haraka yenyewe ilitokana na hesabu ya bakshishi. Sisi raia tunalipa kiingilio cha raia, hatutoi bakshishi kubwa, basi tunaonekana mizigo ya kusogezwa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Baada ya hapo siku nzima ilikuwa chungu, na huenda ninayaonea baadhi ya mambo yaliyofuata. Ngome Kongwe tuliiona kwa nje tu. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897 wakati makao makuu ya koloni yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam, tulipita mbele yake bila gari kusimama. Kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868, tulikaa muda wa kutosha, na hapo ndipo hasira yangu ilipopata sura nyingine.

Tulisimama chini ya mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Kijana yule yule akaanza kueleza kwa Kiingereza, na alieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hakumaliza habari kwa yule mzungu. Alikwenda kwa Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, akaeleza namna wao na wenzao walivyouzika moyo wake kule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakaukausha mwili, kisha wakaubeba kwa miezi mingi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, kupita maeneo yenye njaa na maradhi, hadi ufukwe huu. Alisema kwamba bila miguu ya watu hao kusingekuwa na kaburi la Livingstone kule Westminster Abbey. Nilijikuta nimesahau kwa muda kwamba nimemkasirikia. Nilitaka kumpa mkono.

Ndipo mama mkubwa, asiyejua Kiingereza, alipouliza, "Anasemaje, kijana, kuhusu hao waliobeba?" Naye akajibu, "Nimeshaeleza, mama," akatangulia kuelekea kwenye gari.

Kama angekuwa hajui kitu ningemwacha, ningesema kampuni imeokota mtu barabarani na kumpa fulana yenye nembo. Lakini huyu anajua, na anajua kwa kina, ila maarifa yake ameyawekea bei na lugha, na mwanamke wa pwani aliyelipiwa nauli sawa na wengine hakustahili hata sentensi mbili za Kiswahili kuhusu watu wa bara lake mwenyewe. Nilimweleza mimi, kwa kubabaisha, ndani ya gari.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mtu asiende kabisa. Uamuzi huo uliyumba jioni, tulipofika TaSUBa, ile taasisi ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ambayo tangu mwaka 1982 huandaa tamasha la kila mwaka. Halikuwa tamasha tulilolikuta. Tulikuta wanafunzi wakijiandaa kwa mazoezi, na mwongozaji alibaki garini na simu yake. Kijana mmoja alikuwa amewasha moto mdogo wa makuti na kuzipasha ngoma, akiizungusha kila moja taratibu ili ngozi ipate joto pande zote, akiipiga kwa ncha za vidole na kuitegea sikio, kisha akiirudisha tena motoni mpaka sauti ilipopanda na kukaza. Alipotuona aliacha kazi, akaja, akasema "Shikamoo, mama", akamletea mama mkubwa kiti. Alituonyesha na zeze, akatueleza kuhusu Hukwe Zawose, bingwa wa muziki wa Kigogo aliyeishi mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003. Hakuomba chochote. Walipoanza sindimba mama mkubwa alikuwa akipiga makofi, na kwa mara ya kwanza tangu Kaole nilimwona akicheka.

Kwa nusu saa ile peke yake ningesema Bagamoyo ni mahali pa kwenda kabla ya pengine popote katika pwani yetu, na bado nasema hivyo. Nendeni Bagamoyo. Msiende na kampuni ya namna ile. Magari ya abiria kutoka Dar es Salaam yapo, mji ni mdogo, na Kaole unafika kwa bodaboda au bajaji. Anzeni huko asubuhi jua likiwa bado dogo, mkae mnavyotaka, kisha mrudi mjini kwa wajenzi wa mashua na soko la samaki.

Kuna waliosoma malalamiko yangu wakaniambia nimsamehe kijana, kwamba ni kazi ngumu na mshahara wake mdogo. Nilikuwa karibu kukubali. Halafu usiku mmoja mama mkubwa akaniuliza kama Fatiha iliyokatizwa katikati ilihesabika, nami sikuwa na la kumjibu, na ule msamaha ukaniishia. Mwenye kampuni nilimpigia simu. Alisema atanipunguzia bei safari ijayo. Sikuomba kupunguziwa. Nimemtaka arudishe nauli ya mama mkubwa na amtume kijana wake aje amwombe radhi kwa Kiswahili, ana kwa ana. Mpaka ninapoandika haya hajajibu, na sisi wawili tumeshapanga kurudi Kaole wenyewe mvua zikikatika.