Nimepiga mziki wa kipaimara Uyole, Mbeya, kwa programu inayojimiksi yenyewe, huu ndo uzoefu wangu

DJ tuliyemzoea alitaka 250,000 na hiyo bila spika. Bajeti ya kipaimara ya mtoto wa dada ilikuwa imeshaliwa na mchele na keki, ndo dada akanigeukia akasema "si una laptopu wewe". Kwenye ukoo wetu ukiwa na laptopu umeisha, unatengeneza printa, unajaza fomu za chuo za watoto wa watu, sasa na u-DJ juu yake. Nikakubali kishujaa, afu usiku ndo nikaanza kuhangaika kutafuta hizi programu za kumiksi zenyewe, zile unamwaga nyimbo unakaa pembeni ngoma zinajiunga na watu hawasikii pa kuungia.

Nimezijaribu mbili. Moja ya kulipia kwa mwezi, jina lake naliacha. Nyingine ni Mixxx, hiyo yenye x tatu, ya bure kabisa, siyo ile bure ya siku saba afu wanaanza kukuomba kadi, ni ya chanzo huria na inakubali Windows, Mac na Linux. Laptopu yangu ni i3 RAM 4 ya mtumba niliyonunua Kabwe, nataja ili mtu asije akasema mbona kwangu inaruka kama swala.

Ya kulipia nilianza nayo wiki mbili kabla, tulikuwa na kajishughuli kadogo nyumbani kwa baba mdogo pale Isanga, watu kama 20 hivi, nikasema ngoja nifanyie mazoezi hapa. Na kiukweli saa ya kwanza nilijiona mtu mkubwa. Unaweka nyimbo, yenyewe inazichambua, inajua huu unakwenda mapigo mangapi kwa dakika (hiyo ndo BPM wanayoisema), inajua umeimbwa sauti ipi, afu inachagua yenyewe upi umfuate upi. Amapiano kwa amapiano hapo ni balaa, maana ngoma zile nyingi zinacheza kwenye 110 mpaka 115, zimetengenezwa na kompyuta kwahiyo mapigo hayayumbi, mwanzo wake una ngoma tupu nusu dakika nzima na mwisho wake hivyohivyo, yaani zimezaliwa kwa ajili ya kuungwa. Vijana walikuwa wananiuliza nimejifunza lini.

Ikaja zamu ya wazee. Nikaweka rumba ya Kikongo, mjomba akasimama, akamvuta na shangazi, wakaanza taratibu. Sasa wote mnaoijua rumba mnajua, kule mwanzo ni kuimba tu na kubembelezana, utamu wenyewe uko kwenye sebene, magita yanapobadilika na atalaku anaanza kupiga kelele, na sebene inakuja wimbo ukiwa umeshafika nusu au zaidi. Programu yangu yenye akili mnemba haina habari na hilo. Imepangwa kwa akili ya kwamba dakika mbili za wimbo zinatosha, kwahiyo mjomba akiwa ndo anakunja suruali kujiandaa, wimbo ukayeyuka, ukaingia mwingine, nao ukaanza kubembeleza upya. Akavumilia. Wa pili nao ukakatwa palepale. Wa tatu hakusubiri, akanifuata mpaka kwenye meza: "Mjomba, hii mashine yako inatupeleka mpaka mlangoni afu inafunga mlango." Nikajifanya kubonyezabonyeza. Kuna sehemu ya kurefusha hiyo setingi lakini sikuijua siku ile, nimekuja kuiona baadae imefichwa huko ndani, kwahiyo kosa nusu langu nusu lao.

Kingine kilichonifanya nisiilipie mwezi wa pili ni bando. Sehemu nzuri za programu ile zinataka intaneti muda wote, nyimbo unazivuta hukohuko, na mimi nilikuwa nadhani nitaunganisha tu Spotify nimalize, kumbe Spotify walishajitoa kwenye programu za u-DJ tangu 2020, mpaka 2025 ndo wakarudi kwa baadhi tena kwa wanaolipia. Ile ya kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo, ambayo ndo wote wanaitangaza sasa hivi, kwenye i3 yangu ilikuwa inakwamakwama kama redio ya mkulima betri zikiisha. Mwenye mashine ya maana atafurahi, mimi hapana.

Kwahiyo kipaimara nikaenda na Mixxx. Niseme ukweli, sura yake inatisha kwa mara ya kwanza, vitufe kama chumba cha rubani, nilikaa siku mbili jioni ndo nikaelewa kwamba karibu vyote hivyo sivihitaji. Unachohitaji ni sehemu inaitwa Auto DJ. Unaburuta nyimbo zako unaziweka kwenye foleni, unawasha, yenyewe inachukua wimbo wa kwanza kwenye deki (sehemu ya kupigia wimbo) ya kushoto, wa pili inauweka kulia, ukikaribia kuisha inavuta taratibu kwenda upande wa pili. Sekunde za kuunganisha unachagua mwenyewe. Na kuna uchaguzi wa wimbo upigwe mzima au uanze kufifia pale ulipoweka alama ya mwisho, hapo ndo nilipomkumbuka mjomba nikaweka mzima. Mapigo kulingana hailazimishi, ukitaka unawasha Sync kwenye deki zote mbili, na ukiwasha uwe na akili, nitaeleza.

Kazi kubwa haikuwa programu, ilikuwa ni nyimbo zangu. Nyimbo tulizonazo wengi wetu ni za kutumiana kwa bluututhi na kwenye WhatsApp, faili linaitwa AUD afu namba kibao. Nyingine zimetolewa kwenye video, kwahiyo wimbo wa bongo fleva unaanza na mchezo wa kuigiza dakika nzima, mlango wa gari unafungwa, demu anamlalamikia jamaa kwa simu, ndo ngoma iingie. Mashine haijui kwamba hiyo ni drama, yenyewe inaona sauti ipo basi wimbo umeanza, inakuunganishia amapiano iliyopamba moto na ugomvi wa mapenzi. Nyingine katikati zina sauti ya mtu anataja tovuti alikozipakua. Nilikaa usiku mitatu nasafisha, kila wimbo naweka alama ya pa kuanzia. Nyimbo 180 hivi. Usitegemee kuna programu itakufanyia hilo.

La pili ni kusoma mapigo. Hizi programu zote, ya bure na ya kulipia, kwenye mziki wetu zinababaika mahali fulani. Singeli ndo kichekesho, singeli inakimbia 200 na kuendelea, mashine inaisoma nusu, inakuandikia 104 wakati ni 208, afu inaona aah, 104 na amapiano ya 112 ni majirani hawa, inaivuta singeli ipande ifikie, unapata singeli ya 224. Ile tayari ilikuwa inakimbia, sasa inapaa. (Watoto waliipenda, lakini watoto siyo kipimo.) Dawa ipo, unabonyeza kulia kwenye wimbo unazidisha mapigo mara mbili, kazi ya sekunde tano ukishajua. Nyimbo za kwaya zenye mwendo wa kiasili, zile za kuhesabu sita ambazo huku kwetu Rungwe na Kyela watu wanazicheza kwa mabega, hizo inazihesabu vibaya kabisa, na ukiacha Sync imewaka unasikia ngoma mbili kama watu wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Na zile zilizorekodiwa ibadani mubashara mpigaji mwenyewe anapanda na kushuka kwa upako, hakuna kompyuta ya kumfuata. Hizo nilizima Sync, nikaacha zipishane tu kwa kufifia, na wala hakuna aliyeona tofauti.

Pia usilazimishe umbali. Bongo fleva ya 96 ukiivuta ifike 112 hiyo ni kama asilimia 17, kuna kitufe cha kuzuia sauti isiwe ya katuni lakini hata hivyo unasikia mwimbaji ana haraka kama anawahi basi la mwisho. Mi nilipanga folda kwa mwendo, 90 mpaka 100 kwao, 108 mpaka 116 kwao, rumba kwao, singeli kwao, na nyimbo za Zambia peke yake maana huku na Tunduma hapo karibu huwezi kupiga sherehe bila hizo. Kutoka folda moja kwenda nyingine nilikuwa nashusha kwa mkono au MC anaongea katikati.

Siku yenyewe. Mwezi wa saba, Uyole, mnaojua mnajua. Saa kumi na mbili jioni watu wana makoti na bibi amejifunika mablanketi mawili kwenye turubai. Hii ina faida kwa DJ, mtu akikaa anaganda kwahiyo anacheza. Ubaya wake mziki ukikatika hata dakika moja wote wanarudi kwenye blanketi na kuwatoa tena ni kazi. Hapo Auto DJ ilinibeba, toka saa tisa mpaka saa nne usiku hakukuwa na lile pengo la "subirini kidogo natafuta wimbo". Nilikula, nilipiga picha, nilienda kubeba kreti za soda. DJ gani anabeba soda?

Umeme ulikatika mara moja, kama dakika 15. Spika zikazima lakini laptopu ina betri, na mimi kwa taharuki nikakimbilia kutafuta mafuta ya jenereta sikukumbuka kuisimamisha. Yenyewe ikaendelea kupiga kimya kimya peke yake, haina habari hakuna anayesikia. Umeme unarudi tu, wimbo wa keki huo kwa sauti ya juu, keki yenyewe bado iko ndani chumbani, MC ameshika ubwabwa. Shangazi akaniita: "We mwanangu, hiyo redio imepatwa na nini?" Watu walicheka mpaka wakasahau baridi, lakini jifunze kwangu, zile nyimbo za matukio, keki, kuingia, zawadi, usiziweke kwenye foleni kabisa. Weka pembeni upige kwa mkono. Mashine inajua kuunganisha, haijui keki iko wapi.

Vitu vidogo vya kuangalia: zima WhatsApp kwenye laptopu, mimi ting! ya meseji ilipita kwenye spika wakati padri anaomba kabla ya chakula. Zima na apdeti za Windows. Kama unataka kusikiliza wimbo kwenye hedifoni kabla haujatoka kwa watu, laptopu ya tundu moja haitoshi, tafuta kale ka-saundi kadi ka USB. Na tembea na waya wa AUX wa akiba, wangu ulikuwa unataka kushikiliwa na mpira wa pesa.

Nikipiga hesabu, spika za kukodi 60,000, kubeba na bajaji kwenda na kurudi 15,000, programu sifuri. Kwa harusi ya ukumbini nisingethubutu, pale anatakiwa mtu anayeangalia macho ya watu, akiona wamechoka anageuza ngoma, na hilo foleni yangu ilishindwa kuanzia kama saa mbili, vijana walitaka singeli wakati yenyewe iko na kwaya bado na ikabidi niruke kwa mkono mara sita au saba. Ile ya kulipia kwa mwenye mashine nzuri, intaneti ya uhakika na wageni wa amapiano tupu, sawa, alipie. Kwa sherehe ya nyumbani yenye bibi, watoto na wajomba kwenye turubai moja, Mixxx na usiku mitatu ya kupanga nyimbo imenitosha.

Bibi wakati tunamuingiza ndani alinishika mkono akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, sijui kama alikuwa anashukuru mziki au blanketi. Mjomba yeye hakusema kitu, kesho yake asubuhi akaniletea flashi ina nyimbo 43 za rumba, zote nzimanzima. Nimezipa folda yake, inaitwa MJOMBA USIKATE.