Santuri Isiyo na Mwimbaji: Tumchambue Bata Bukini wa Camel

Haya, karibuni tena jamani. Leo mezani nina kitu kimoja tu, hiki hapa. Ngoja nikiinamishe kidogo, taa isiwapige kiwi. Mnaliona jalada? Albamu ya kundi la Camel, Waingereza, mwaka 1975. Jina lake kamili ni refu: Music Inspired by The Snow Goose. Hayo maneno matatu ya mwanzo yana kisa chake, nitawasimulia.

Kabla sijaitoa kwenye mfuko niseme jambo moja mapema, msije mkanilaumu baadaye. Humu haimbi mtu. Vipande 16, dakika kama 43, na neno hata moja hamtalisikia. Sauti za watu zipo, kuna kipande kinaitwa Migration wanaghani pamoja na gitaa, lakini ni sauti tupu. Mwanangu alikaa nami siku ya kwanza nilipoiweka. Kikapita kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne akanigeukia: "Baba, huyu mtu anaanza kuimba saa ngapi?"

Swali la haki kabisa. Sisi tumezoea ala zimsindikize mwenye maneno. Ila wale mliolelewa na taarabu ya Unguja mnaijua bashrafu: fidla, kanuni, udi, akodiani, vyote vinapiga kwanza na mwimbaji bado kakaa kwenye kiti chake. Sasa chukua bashrafu hiyo, itandaze pande mbili za santuri, halafu mwimbaji asisimame kabisa. Hapo ndipo tulipo leo.

Muziki wenyewe unaitwa roki ya progresivu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Uingereza walichoka na wimbo wa dakika 3, wakaanza kuazima kutoka kwenye muziki wa klasiki wa Ulaya. Emerson, Lake & Palmer walichukua kazi ya Mussorgsky, Mrusi, wakaipiga kwa kinanda cha umeme mbele ya watu pale Newcastle mwaka 1971, wakaifanya albamu. Rick Wakeman akatoa albamu nzima ya vinanda mwaka 1973 kuhusu wake sita wa Mfalme Henry wa Nane. Nawapenda wote hao, sisemi uongo, ila mara nyingi ukiwasikiliza unajikuta unaangalia vidole. Unasema, duh, jamaa anapiga huyu! Lakini kilichosemwa na hivyo vidole ukiulizwa kesho, hukumbuki.

Camel walikwenda njia nyingine, na ndiyo sababu nimeileta albamu hii nikaziacha zile. Wao hawakumnukuu mzee yeyote wa klasiki. Walichochukua ni ufundi: kila mhusika apewe tuni yake, halafu tuni hiyo irudi na kurudi, kila mara na hali mpya. Wagner, mtunzi wa Kijerumani, aliujenga ufundi huu kwenye opera zake, yaani michezo ya jukwaani ya kuimbwa. Prokofiev, mtunzi wa Kirusi, aliutumia kwa watoto mwaka 1936, kila mnyama na ala yake, ukisikia ala unajua nani kaingia. Camel wakaupeleka kwenye gitaa la umeme.

Mhusika ni nani sasa? Hadithi ni ya Mmarekani Paul Gallico, kitabu kidogo cha mwaka 1941. Inatokea kwenye vinamasi vya pwani ya Essex, Uingereza. Kuna mchoraji anaitwa Philip Rhayader, ana kibiongo na mkono uliolemaa, watu wanamkwepa, naye kajitenga kwenye mnara wa taa uliotelekezwa, anafuga ndege. Siku moja binti mdogo, Fritha, anamletea bata bukini mweupe aliyepigwa risasi na wawindaji. Ndege huyo si wa pale, katoka Canada, dhoruba imemtupa ng'ambo ya bahari. Rhayader anamtibu. Bata anaondoka msimu ukifika, anarudi msimu mwingine, na binti naye anakuja bata akiwepo. Miaka inakwenda hivyo. Halafu vita. Mwaka 1940 majeshi ya Waingereza na wenzao yanabanwa ufukweni Dunkirk, Ufaransa, na kila mwenye chombo anaombwa akachukue watu. Rhayader anaondoka na kamashua kake, bata anaruka juu yake. Mwisho wake sisemi, ingawa kuna kipande kinaitwa Epitaph, yaani maandishi ya kaburini, kwa hiyo na ninyi si watoto.

Wazo la kitabu hiki lilitoka kwa mpiga besi wao, Doug Ferguson. Tuni zikatungwa na wawili: Andrew Latimer, mpiga gitaa na filimbi, na Peter Bardens wa vinanda. Kwenye ngoma yupo Andy Ward. Gallico hakufurahi hata kidogo. Hakutaka kitabu chake kitumike, ndiyo maana yale maneno yakabandikwa mbele ya jina: muziki uliochochewa na hadithi, siyo hadithi yenyewe. Mimi naona mwandishi aliwasaidia bila kujua. Maneno yangeingia, tungepata roki ya kusimulia, na roki ya kusimulia ya miaka ile, jamani, nyingine haisikiliziki leo.

Tuingie ndani. Siwezi kuwapigia zaidi ya sekunde chache, mnajua wenyewe, video itafungiwa. Nitawapigia mluzi, mnisamehe.

Upande wa kwanza unaanza na kinamasi chenyewe. Ndege kwa mbali, halafu sauti zinapanda polepole kama ukungu. Kisha Rhayader anaingia, na tuni yake ipo kwenye filimbi. (Anapiga mluzi.) Mmeisikia? Inarukaruka, nyepesi, ina furaha fulani hivi. Hapo ndipo waliponikamata. Mtu wa kibiongo, kajifungia mnarani, ungetegemea wampe kitu kizito cha huzuni. Wao wamempa filimbi inayocheza. Wanakuonyesha alivyo moyoni kabla hujaona watu wanavyomtazama.

Kisha anakwenda mjini, Rhayader Goes to Town, dakika 5 na ushei. Ghafla kundi zima linakaza: sintesaiza ya Bardens, kile kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, inachoma, ngoma zinakimbia, mapigo yanabadilika njiani. Mji una kelele na haumtaki. Na katikati ya fujo ile kila kitu kinapunguzwa, gitaa la Latimer linabaki likilia taratibu, kwa ladha ya bluzi. Nikiulizwa nichague dakika 2 tu za albamu hii, ni hizo. Latimer hana haraka. Noti moja anaivuta mpaka unaanza kuishika mwenyewe kooni.

Fritha na bata wenyewe wanafuata. Fritha ni kipande cha dakika 1 na kidogo, gitaa kavu na sintesaiza laini. The Snow Goose ni gitaa la umeme juu ya kinanda, polepole, wala hakuna la kueleza, muisikilize.

Friendship, yaani urafiki, ndipo ninapogombana nao. Wameleta ala za upepo za okestra, zinatembea kwa kuyumbayumba kama bata bandani. Inachekesha mara ya kwanza. Mara ya tano unaona ni muziki wa katuni, umeingia mlango usio wake. Okestra yote hii ilipangwa na David Bedford, na kazi yake sehemu nyingine ni nzuri mno, ila hapa alipaswa kuambiwa basi.

Upande unafungwa na Rhayader Alone. Ile tuni iliyokuwa ikiruka kwenye filimbi inarudi kwenye kinanda, imepunguzwa mwendo, kama mtu anayetembea chumbani bila kazi. Ndege kaondoka, binti naye haji tena. Noti ni zilezile! Hawakuongeza hata moja ya kukuomba uhuzunike. Mwanangu, yule wa "anaanza saa ngapi", hapo ndipo aliponyanyua kichwa: "Ni yule mzee, lakini kachoka." Sikumwambia hadithi, naapa. Alikuwa hajui hata kama kuna mzee.

Geuza santuri. Flight of the Snow Goose inakimbia vizuri, nisikae hapo. Preparation ina sauti ya mwanadamu isiyo na neno, inatisha kidogo. Kisha Dunkirk yenyewe. Inaanza kama gwaride la mbali, mpangilio mmoja unarudiwa na kurudiwa, tarumbeta zinaongezwa tabaka juu ya tabaka, mpaka gitaa linapopasua. Historia inasema kati ya tarehe 26 Mei na 4 Juni 1940 walivushwa zaidi ya askari 338,000. Muziki haukupi ukubwa huo wa namba. Unakupa mashua moja inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila safari kelele imeongezeka. Kama umewahi kuvuka mkondo kwenye chombo kidogo siku ya kusi, tumbo litakuambia wanazungumzia nini.

Baada ya hapo Fritha anabaki peke yake, ndiyo Fritha Alone, na tuni yake iko kwenye kinanda. La Princesse Perdue inarudisha tuni za nyuma kwa mara ya mwisho, fidla zikifunguka chini yake. Huku ndiko Bedford anakolipa deni la Friendship.

Sasa mambo ya kununua, maana wengi mnaniandikia, "kaka, nichukue ipi?"

Zipo tatu za kufikiria. Ya kwanza ni hii ya 1975, wakiwa wanne wale wa asili, mtayarishaji David Hitchcock. Ilifika nafasi ya 22 kwenye chati ya Uingereza, si haba kwa kitu kisicho na neno. Ya pili ni ya jukwaani. Tarehe 17 Oktoba 1975 waliipiga yote Royal Albert Hall na London Symphony Orchestra, Bedford akiongoza, na imo kwenye albamu yao ya moja kwa moja ya mwaka 1978. Ya tatu ni ya 2013: Latimer aliirekodi upya na kundi jingine, baada ya ugonjwa mzito na kupandikizwa uboho. Bardens alikuwa ameshafariki tangu 2002.

Ile ya 2013 sauti yake ni safi, kila ala ina nafasi yake, na gitaa la Latimer limekomaa kwa namna inayouma. Lakini nalikosa jasho la Andy Ward kwenye ngoma. Ya jukwaani ni nene, ila okestra na kundi wakati mwingine wanavutana, mmoja kawahi mwingine kachelewa. Anza na ya 1975. Ukishaizoea, ndipo ile ya 2013 itakuwa na maana, kwa sababu utakuwa unamsikia mtu anarudi nyumbani kwake.

Ukitaka santuri kuukuu kama hii yangu, uwe mwangalifu. Hii niliagiza, ilipofika imepinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Muuzaji alikuwa ameandika "hali nzuri sana". Nikaibana chini ya vitabu vizito majuma mawili, inazunguka sasa, lakini ona sindano inavyopanda na kushuka. Kwa albamu ya roki ya kawaida ungevumilia. Hii ina sehemu nyingi za kimya, na kila mkwaruzo unasikika kama mtu anakaanga dagaa nyuma ya kinamasi. Muulize muuzaji aipige Fritha na Fritha Alone mbele yako, au akutumie sauti. Akikataa, achana naye.

Na msiisikilize njiani. Nilijaribu kwenye kivuko cha Kigamboni na visikilizio vya masikioni, nikapata Dunkirk na nusu ya Rhayader mjini, mengine yote yamemezwa na injini. Usiku, nyumba imelala, au alfajiri kabla ya majogoo. Na usichanganye vipande. Simu ikishaivuruga mpangilio, Rhayader Alone ikaja kabla ya Rhayader, basi umeshapoteza kila kitu, ni kama kukutana na mtu kwenye msiba wake.

Jambo dogo la mwisho, na hili linanichekesha kila nikilitazama. Nyuma ya jalada, kwenye orodha ya nani kapiga nini, jina la Doug Ferguson limeandikiwa besi na koti. Koti, ndiyo, lile zito la baridi la Waingereza. Mwenye kujua lilipigwaje aniandikie hapo chini.

Ngoja niwawekee sekunde chache za mwisho, tuone kama zitapita. Kinamasi kinarudi, zile sauti za mwanzo, kisha ndege tu. Kwenye nakala yangu ndege wanafifia, unabaki mkwaruzo wa sindano, na mpaka leo sijaweza kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Sikilizeni.