Chupa ya Chai Ipi Inashika Moto? Nimezifungua Tuzione Ndani

Hamjambo ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani nina chupa tatu za chai: ya plastiki, ya kioo hii yenye maua, na ya chuma. Na pale kando mnaona kikapu. Tutakifikia.

Nianze na ya plastiki, haitatuchukua muda. Muuzaji wa soko la Owino, Kampala, atakuapia kwamba inashika moto masaa 24. Haya, namimina maji yanayochemka, nafunga. Tukae kidogo. Sasa naweka kiganja ubavuni... nje kumeshakuwa vuguvugu! Hilo vuguvugu ni chai yako inaondoka hivyo. Ndani ya ukuta wake kuna hewa tupu inayozunguka itakavyo, inachota joto upande wa ndani na kulimwaga upande wa nje. Ingekuwa na foamu nzuri ingekuwa afadhali, maana foamu inaifungia hewa kwenye vijumba vidogo isitembee. Hii siipendekezi hata kwa bei ya kutupa.

Sasa hii ya maua. Maua hayashiki moto, kwa hiyo tuyaache, tufungue kitako. Polepole... nalitoa kioo lenyewe. Lina kuta mbili, na katikati hewa imenyonywa. Pasipo na hewa, joto halina cha kupandia. Linabaki lile linalosafiri kama mwanga, na hilo linarudishwa na rangi hii ya fedha. Aliyebuni ni Mskoti, James Dewar, mwaka 1892, na wala hakuwa na habari ya chai: alikuwa akitafuta pa kuwekea gesi zilizopozwa mpaka zikawa majimaji. Wajerumani ndio walioifanya bidhaa ya dukani, wakaanzisha kampuni ya Thermos mwaka 1904.

Kamera isogee hapa. Mnaiona hii ncha ndogo chini ya kioo? Ndipo hewa iliponyonywa, kisha pakazibwa kwa moto. Ikimeguka hata kidogo tu, hewa inaingia, na chupa yako imekuwa pambo la kabati. Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue kitako uitazame. Akikataa, mwachie chupa yake.

Ya chuma ni ujanja uleule, ila haivunjiki. Unapanda boda nayo, unaiweka kwenye basi la Kisoro, inafika nzima. Udhaifu wake uko shingoni, pale kuta mbili zinapokutana. Chuma kinapitisha joto kuliko kioo. Ukiniuliza ya nyumbani, nachukua kioo. Ya safari, chuma bila kufikiri mara mbili.

Na kizibo jamani! Watu wanatunza chupa, kizibo kimelegea, mvuke unatoka usiku kucha. Ondoa mpira uliochakaa, weka mwingine. Halafu kabla ya kuweka chai, suuza ndani kwa maji ya moto uyamwage, na ujaze mpaka karibu na shingo. Nusu chupa inapoa haraka.

Watu wa Kabale, kule milimani Uganda, ninyi msiilaumu chupa peke yake. Huko juu, kama mita 2,000, maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, Kampala ni kama 96. Chai yenu inaanza safari ikiwa imeshapungua.

Haya, kikapu. Ndani nimeshindilia maganda makavu ya mgomba, katikati nimeacha shimo la birika, juu naweka mto uliojazwa pamba. Hakishindi kioo kizima, nisiwadanganye, lakini kwa plastiki ile kinashinda, na mkaa ulivyopanda bei, kupasha maji mara mbili ni hasara. Kazi yote inafanywa na hewa iliyonaswa kwenye maganda. Yakilowa basi tena, maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Yaanike juani.

Kuna anayeniuliza kila mara kuhusu chai ya maziwa. Ikiwa moto kabisa haina neno. Ikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa hivyo masaa mengi, vijidudu vinapata pa kuzaliana, ndiyo maana asubuhi inanuka. Mimi chupani naweka maji matupu, maziwa nachemsha wakati wa kunywa.