Kadi ya sauti ya USB ya elfu 12: spika zimefufuka, ila maiki yake msijisumbue

Wadau, hiki kidude nimekaa nacho miezi minne sasa, naona naweza kukiongelea bila kukurupuka. Ni kile cha USB kidogo kama flashi, kina matundu mawili, la kijani la spika na la pinki la maiki. Nimekichukua Kariakoo, jamaa alianza na 15 tukamalizana 12. Nakipa nyota nne.

Sasa kilichonipeleka dukani. Kompyuta yangu ya mezani ni used, siku moja nawasha sabufa, kimya. Nikaita fundi wa mtaani, akapiga Windows upya, mafaili yangu ya desktop yakaenda na maji, elfu 30 yake akachukua na sauti bado hakuna, eti mazabodi imekufa nitafute nyingine. Nikamshukuru akaondoka.

Usiku nikakaa mwenyewe. Kwanza nikachomeka sabufa kwenye simu, inalia vizuri tu, basi sabufa haina kosa. Nikabonyeza kile kialama cha spika pale chini kulia nione sauti inaelekezwa wapi, kumbe inaenda kwenye monita! Wiki ile ile nilikuwa nimetoa waya wa VGA nikaweka HDMI, na HDMI inabeba picha na sauti pamoja wakati VGA ni picha tu, Windows ikaona bora iipeleke huko, na monita yenyewe haina spika hata moja. Nikachagua Realtek, yaani sauti ya kompyuta yenyewe, ikaja palepale. Elfu 30 jamani.

Ila furaha haikumaliza hata dakika, maana ilikuwa inatoka upande mmoja tu na ukigusa waya inakwaruza krr krr. Lile tundu la kijani la nyuma ya kompyuta limelegea, plagi inacheza. La mbele nalo halijawahi kutoa kitu tangu nanunua. Hapo ndo kidude kikaingia.

Uzuri wake kina chipu yake yenyewe ya sauti, kwa hiyo hakijali tundu lako limekufa au draiva ya Realtek, ile programu ya kuendesha sauti, imevurugika. Nilichomeka tu, Windows 10 ikakitambua bila CD bila kudownload chochote, sekunde chache nasikiliza taarabu pande zote mbili. Nimejaribu na kwenye laptop ya shemeji yenye Ubuntu, nako kikakubali hivyo hivyo. Sasa hapa niwe mkweli, ukikichomeka mara nyingi Windows inahamia kwenye chenyewe moja kwa moja, so kuna watu wanakisifia kimewatibia kompyuta kumbe tatizo lao lilikuwa lile la HDMI tu, wangebonyeza mara mbili hela ingebaki mfukoni. Angalia hilo kwanza ndo upande daladala.

Besi safi kwa bei yake. Mwanzoni nilikichomeka tundu la USB la mbele la CPU nikawa nasikia kama mbu kila nikisogeza mausi, nikakihamishia nyuma mbu wakaisha. Ukikihamisha tundu jua kuna wakati Windows inakiona kama kigeni na kurudisha sauti kwenye monita, usipaniki, chagua tena.

Maiki sasa. Mbovu. Niliingia kikao cha kazi wakaniuliza kama niko ndani ya simtanki, na kuna shhhh ya chinichini haikati hata ukipunguza. Halafu ukichomeka hedifoni za simu, zile plagi yake ina pete tatu, utasikia ila wewe hutosikika, kwa sababu hapa maiki ina tundu lake peke yake, itabidi ununue kile kiwaya cha kugawa na nacho ni hela. Mimi kwenye vikao natumia simu, kompyuta naiachia muziki na mpira.

Mkienda kununua bebeni laptop, hata ya kuazima, mkijaribu palepale kauntani masikio yote mawili. Gwarantii hakuna, na cha kwanza nilichopewa kilikuwa kinalia kushoto tu, muuzaji akanibadilishia bila maneno kwa sababu nilikuwa bado nimesimama mbele yake.