Florence kutoka juu: mnara wa Arnolfo au San Niccolò?

Watu wengi wakifika Florence, Italia, hukimbilia kuba la kanisa kuu. Tatizo ni kwamba ukiwa juu ya kuba, kuba lenyewe hulioni. Ndiyo maana mimi hupendekeza mojawapo ya minara hii miwili.

Mnara wa Arnolfo umesimama juu ya Palazzo Vecchio, jumba la utawala wa jiji lililoanza kujengwa mwaka 1299. Una urefu wa karibu mita 95, na ngazi zake zinapita kwenye kachumba kadogo ka mawe alikofungwa Cosimo de' Medici, mwanabenki tajiri wa jiji hili, mwaka 1433 kabla ya kupelekwa uhamishoni. Mwaka 1498 mtawa na mhubiri Savonarola naye alifungwa humo, kisha akanyongwa na kuchomwa moto kwenye uwanja ulio chini yake. Simama hapo kidogo, usiharakishe kupanda. Ukifika juu, kuba liko mbele yako, karibu kabisa.

San Niccolò ni mnara wa lango la ukuta wa zamani wa jiji, wa mwaka 1324, ng'ambo ya mto Arno. Minara ya malango mengine ilipunguzwa urefu ili isiwe shabaha ya mizinga ya adui. Huu ulisalimika kwa sababu kilima kilicho nyuma yake kiliukinga. Ngazi zake ni 160 hivi, umati haupo, na mto unauona vizuri. Ila hufunguliwa majira ya joto tu, tena kwa kuongozwa.

Mvua ikinyesha, yote miwili hufungwa. Kama una siku moja tu, nenda kwa Arnolfo. Kile kachumba hutakisahau.