Uzoefu wangu wa kushiriki utafiti wa dawa ya pumu: vipimo vya mapafu, mazuri yake na yaliyonikera

Niseme kabisa mapema kwamba naandika kama mgonjwa wa pumu, sio daktari. Nilikuwa mshiriki kwenye utafiti wa dawa mpya ya sindano ya pumu kali, kwa hiyo haya ni ya upande wa yule anayekaa kwenye kiti na kupuliza. Kituo sitakitaja. Na kuhusu dawa yenyewe usiniulize inafanya kazi au haifanyi maana mpaka leo sijui kama nilichomwa ya kweli au ya bandia (sindano inayofanana nayo ila haina dawa ndani). Nachotaka kusema ni kuhusu VIPIMO, kwa sababu kiukweli hivyo ndo vilivyonisaidia, na kuna watu wanaishi na pumu miaka na miaka, inhela iko mfukoni muda wote, na hawajawahi kupimwa mapafu hata siku moja. Daktari anasikiliza kifua, anauliza usiku unabanwa, anaandika inhela nyingine, basi umeenda.

Ridhaa kwanza. Fomu ni ndefu, tena ndefu kweli, ila walikaa na mimi wakaipitia ukurasa kwa ukurasa na nikaruhusiwa kwenda nayo nyumbani nikaisome na familia, hapo nawapa alama zote. Yaliyonituliza ni haya: naweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu na matibabu yangu ya kawaida hayaguswi, naendelea na inhela yangu ya kila siku na ile ya dharura hata nikiangukia kundi la dawa bandia, na nikidhurika na dawa gharama ya kunitibu ni yao. Usisaini popote ambapo hayo hayajaandikwa.

Lile swali la "kwa nini wengine wapewe bandia" nililiuliza kwa ukali kidogo maana lilikuwa linaniuma. Nesi akanijibu kwa mfano wa kifua kikuu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza walikuwa na dawa yake, streptomycin, kidogo sana, haitoshi wagonjwa wote, wakaamua nani apewe kwa bahati nasibu ili daktari asichague anayempenda. Matokeo yalichapishwa 1948: kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa walikufa 4 ndani ya miezi sita, na kati ya 52 waliolazwa tu kitandani walikufa 14. Bila lile kundi la pili kila mtu angebaki na maneno yake tu, maana hata miongoni mwa wasiopewa kuna waliopata nafuu. Aisee hapo nilielewa. Na tofauti kubwa ya sisi wa pumu ni kwamba hakuna anayeachwa bila matibabu, sindano inaongezwa juu ya dawa unazotumia tayari.

Sasa vipimo. Cha kwanza na kikubwa ni spirometri, kile cha kupuliza. Wanakupima urefu bila viatu, wanaandika umri na jinsia, kwa sababu mashine inalinganisha pumzi yako na ya mtu mzima wa afya anayefanana na wewe kwa hayo mambo. Kabla ya kuja unaambiwa usitumie inhela ya dharura kwa saa kadhaa (ukibanwa itumie, uwapigie simu wapange siku nyingine, pumzi yako kwanza), usivute sigara saa moja kabla, usifanye mazoezi makali, usivae nguo ya kubana kifua. Halafu nenda chooni kwanza. Kina mama hasa, naomba mnisikie, ule msukumo ni mkubwa na hakuna mtu anayewaambia.

Unakaa wima, miguu imekanyaga chini, pua inabanwa na kibanio, mrija unauingiza mdomoni midomo imeuzunguka pasiwe na upenyo. Unavuta hewa yote mpaka hakuna tena nafasi, halafu bila kusita unaitoa kwa kishindo, na HAUACHI, unaendelea kusukuma hata kama unahisi imeisha zamani. Na hapo ndo anapoingia mpimaji. Wa kwetu alikuwa dada mmoja mpole sana ukimsalimia lakini ukishaweka mrija mdomoni anabadilika, "vuta vuta vuta vuta, haya TOA! endelea, endelea, bado ipo, bado ipo, kaza, kaza, haya vuta tena!" macho yake yako kwenye skrini na mkono wake unapanda na kushuka kukuongoza. Ukimaliza kizunguzungu kinakuja, anakusubiri utulie, anakuambia hii imekubali au hii tunarudia kwa sababu ulikohoa katikati. Siku nyingine alikuwepo kaka mwingine mbadala, yeye anasema "puliza" halafu anatazama dirishani, na siku hiyo namba zangu zilishuka wakati kifua kilikuwa kizuri kabisa. Dada aliporudi akaiona ile grafu, akasema hii sio mapafu, hii ni kupuliza nusu. Nikapimwa upya.

Wanachotafuta sio upulize mara moja vizuri. Wanataka angalau tatu zinazokubalika, na mbili kubwa zisipishane zaidi ya mililita 150, na kwa mtu mzima mwisho kwa kawaida ni majaribio manane, zaidi ya hapo wanakuacha maana umechoka. Kwa hiyo ukiona mahali wamekupulizisha mara moja wakaandika jibu, mi ningeuliza.

Namba zenyewe sio ngumu. FVC ni hewa yote uliyotoa, FEV1 ni ile iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Mwenye pumu hewa ipo ila njia zimebana, kwa hiyo sekunde ya kwanza inatoka kidogo. Mimi siku ya kwanza nilitoa lita 1.90 kwenye sekunde hiyo, na yote kwa jumla 3.10, yaani asilimia 61 tu. Kwenye skrini ule mstari unaoshuka badala ya kunyooka ulikuwa umebonyea katikati, dada akauonyesha kwa kalamu, "hapa ndo pumu yako ilipo." Miaka yote naambiwa nina pumu na siku hiyo ndo nimeiona kwa macho. Kisha nikavuta salbutamol (dawa ya kufungua njia za hewa) mara nne kupitia lile kopo la plastiki linalowekwa kwenye inhela, mikrogramu 400 jumla, moyo ukaenda mbio na vidole vikatetemeka kidogo, tukakaa robo saa, nikapuliza tena: 2.25. Imeongezeka mililita 350, asilimia 18. Kipimo chao cha kukubali kwamba njia za hewa zinafunguka kilikuwa asilimia 12 na mililita 200, nikapita.

Kuna jambo hapa naomba watu weusi wenzangu walisome taratibu. Ile namba ya "mtu wa afya anayefanana na wewe" kwa muda mrefu kwenye mashine nyingi ilikuwa inapunguzwa kwa watu weusi, kwingine asilimia 10 mpaka 15, kwa imani kwamba mapafu yetu kiasili ni madogo. Imani hiyo ina historia chafu inayorudi mpaka enzi za utumwa Marekani. Chukua mfano: mtu anatoa lita 2.80, inayotegemewa kwa mtu kama yeye ni 4.00, huyo yuko asilimia 70, ana shida ya kuangaliwa. Ipunguze ile 4.00 kwa asilimia 15 iwe 3.40, mtu yuleyule pumzi ileile sasa yuko asilimia 82 na anaambiwa nenda nyumbani uko sawa. Na kwenye tafiti nyingi za pumu wanaingiza walio chini ya asilimia 80, kwa hiyo anakosa hata nafasi ya kushiriki! Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kilipendekeza kutumia hesabu isiyoangalia rangi, ile inayoitwa GLI Global ya 2022. Nilimuuliza mtafiti wetu wanatumia ipi, hakukasirika, akafungua mipangilio ya mashine akanionyesha kwamba ni hiyo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Ulizeni jamani.

Kipimo cha pili ni cha gesi ya naitriki oksaidi kwenye pumzi unayotoa, kinaitwa FeNO. Hiki ni kinyume kabisa cha kile cha kwanza, unapuliza polepole kwa mwendo mmoja kama sekunde kumi, kwenye skrini kuna alama inabidi uiweke katikati isipande wala kushuka. Kinaangalia aina fulani ya uvimbe kwenye njia za hewa, ikizidi 50 kwa mtu mzima ni ya juu, chini ya 25 ni ya chini. Hakichoshi, hakina uchungu. Damu nayo wanatoa kuhesabu eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, hilo halina maelezo, sindano ni sindano. Na madodoso, ulibanwa mara ngapi, uliamka usiku, ulishindwa kazi gani, mara ya kwanza unajibu kwa moyo, baadaye unajua maswali kabla hujaulizwa, ila nimekuja kuona yana maana maana kuna wiki pumzi iko vizuri kwenye mashine na usingizi hakuna.

Kuna wenzetu wa mradi mwingine palepale, wa COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa) na makovu ya mapafu, wao walikuwa wanaingizwa kwenye kile chumba kidogo cha kioo unafungiwa unahemea mrija huku umeshika mashavu. Niliuliza cha nini wakati kupuliza kupo, nikaambiwa kuna hewa inabaki kwenye mapafu ambayo hata ukikamuliwa haitoki, spirometri haiwezi kuipima, hicho chumba ndo kinaihesabu kwa mabadiliko ya presha. Na wengine wanatembezwa dakika sita kwenye korido kuona wamefika mita ngapi. Mimi hivyo sikupimwa kwa hiyo siwezi kuvisifia wala kuviponda.

Sasa kilichonikera. Kifaa cha nyumbani. Wanakupa spirometa ndogo inaongea na simu kwa Bluetooth, upulize asubuhi na jioni kabla ya dawa. Wazo ni zuri sana, maana pumu inabadilika, asubuhi huwa chini na jioni inapanda na kituoni wanaona siku moja tu. Ila apu ile jamani. Inakuambia "jaribio halijakubalika, rudia" bila kusema kosa ni lipi, hukuvuta vya kutosha? uliacha mapema? haisemi, na umeamka unabanwa unarudia unarudia mpaka kukohoa kunaanza. Mara inakata mawasiliano katikati ya kupuliza na ile pumzi imepotea. Na namba za nyumbani kwangu zilikuwa chini ya za kituoni karibu kila wakati, sio kwa sababu ya ugonjwa, ni kwa sababu hakuna dada wa kukuambia bado ipo, kaza. Mtengenezaji angeweka hata sauti tu ya kuhimiza na maelezo mafupi ya kosa ingekuwa kitu kingine kabisa.

La pili ni majibu. FeNO na eosinofili walificha, na hilo nalikubali kwa sababu dawa ya namna hiyo inashusha hizo namba na ukiziona utajua uko kundi gani. Lakini spirometri ni pumzi yangu, na ilibidi niombe na kuomba tena ndo nikachapishiwa. Haifai iwe hivyo. Mshiriki asiyejua kuuliza anaondoka mikono mitupu, na daktari wake wa kawaida hapati chochote cha kulinganisha mwaka ujao.

Kuhusu kama nilipona: nilipata nafuu, ndio. Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa kwa sababu kila ziara walikagua navyovuta inhela na mimi nilikuwa siruki dozi hata moja, watu wa kundi la bandia nao hupata nafuu hivyo. Ndo maana siwezi kukuambia katafute hiyo dawa.

Nyota nne kati ya tano. Nne zote ni za yule dada na za ridhaa walivyoifanya, ile moja wameikosa kwa apu na karatasi za majibu. Anayefikiria kujiunga na utafiti wa mapafu mi namwambia nenda, ila kama umetoka kupata shambulio la moyo au upasuaji wa jicho siku za karibuni waambie kabla hujashika mrija maana ule msukumo unaweza kukudhuru. Spirometa ya nyumbani nilirudisha, sasa natumia kile kidude cha plastiki cha kupima kasi ya kupuliza, hakina betri wala apu, naandika namba kwenye daftari, nikiwa juu ya asilimia 80 ya ubora wangu naendelea na siku, nikishuka chini ya hapo nafuata mpango niliopewa, chini ya 50 ni inhela ya dharura na hospitali papo hapo. Na karatasi zangu za spirometri zimo kwenye faili nalompelekea daktari wangu. Kuhusu nilikuwa kundi gani waliahidi kutuandikia utafiti ukishafungwa vituo vyote, bado sijapata kitu, nimewaandikia mimi kuuliza na nikijibiwa nitaongeza hapa.